Chemchemi Iliyohama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, watu wazima wote wa kitongoji chetu walijua kwamba chemchemi imekaushwa na mama yangu. Mimi nilijua zaidi yao. Nilijua kwamba niliikausha mimi, kwa ndoo, asubuhi moja nilipokuwa nachelewa shule.

Leo nina watoto wanne na shamba la mahindi na maharage huku Mogitu nilikoolewa. Sina muda mwingi wa kukaa na kukumbuka. Lakini mtoto wangu wa pili alipoleta daftari la jiografia na kuniuliza kwa nini ardhi hupasuka, nilijikuta nimeacha nguo kwenye beseni na kumsimulia mambo ya kwetu, upande wa Endagikot, na jinsi nilivyoingia na ndoo katikati ya kikao cha wazee. Nimeshinda mambo machache maishani. Hilo nililishinda.

Mwaka ule mama alikuwa amepoteza mtoto. Alizaliwa kabla ya wakati wake, hakulia. Kwa desturi yetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na jambo kama hilo iliingia katika metimani. Mama alitengwa. Hakwenda sokoni Dongobesh, hakwenda kanisani, hakupeana mkono na mtu, na watu hawakula chakula chake. Mchungaji hakuipenda desturi hiyo na aliisema vibaya, lakini mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi na majirani walikuwepo kila siku.

Katazo kubwa lilikuwa la maji. Chemchemi yetu ilitoka chini ya mwamba, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, na ndani yake, bibi alituambia, aliishi netlangw. Kwa Kiswahili naweza kumwita tu mwenye maji. Mwenye maji alipenda adabu. Hukupiga kelele pale, hukuoga pale, na chombo cha nyumba iliyo metimani hakikugusa yale maji kabisa. Mimi ndiye niliyetumwa kuchota, kwa kuwa watoto tuliruhusiwa kutembea. Niliweka ndoo yetu mbali kidogo, juu ya jiwe, nikasubiri mtu wa nyumba safi achote kwa kibuyu chake na kunimiminia kutoka juu, vyombo visigusane.

Bibi, mama yake baba, alinionya kabla sijaanza kazi hiyo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali kwa wote, aliyempenda mama yangu bila kumwambia.

“Ukimkosea adabu yule,” alisema, “hatakupiga wewe. Ataondoka. Na akiondoka, ataondoka kwa kishindo.”

Asubuhi moja nilisubiri juani pale kwenye jiwe na hakuna aliyekuja. Kengele ya kwanza ya shule ikalia ng'ambo ya bonde. Aliyechelewa alichapwa, na mimi nilikuwa nimeshachapwa mara mbili wiki ile. Nikatazama kushoto na kulia, nikaizamisha ndoo yetu moja kwa moja kwenye chemchemi. Ilijaa haraka. Nakumbuka nilivyoshangaa kwamba hakuna kilichotokea.

Kilitokea siku ya tatu, Jumamosi, tulipokuwa tunapura maharage uani. Kwanza ng'ombe waliacha kula. Kisha ukaja mngurumo, si wa angani, wa chini, kama lori zito linalopita mahali pasipo na barabara. Mabati yakalia. Maharage yakaanza kucheza yenyewe kwenye turubai.

“Kaeni chini!” bibi alipiga kelele. “Viganja chini! Ardhi ijue ni sisi!”

Tukakaa, tukaweka viganja kwenye udongo, na nikahisi ardhi ikitetemeka chini ya mikono yangu kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza inzi. Haikuchukua muda mrefu. Usiku ikatetemeka tena, na kesho yake mara moja zaidi, kidogo. Hakuna nyumba iliyoanguka. Lakini Jumatatu wanawake walikwenda kwenye chemchemi na kukuta matope, na Jumanne hata matope yalikuwa yamekauka.

Ataondoka kwa kishindo. Nilikuwa na miaka kumi, na onyo la bibi lilikuwa limetimia neno kwa neno. Sijawahi tangu siku hiyo kuwa na uhakika wa jambo lolote kama nilivyokuwa na uhakika wa kosa langu.

Ilikuwa kiangazi. Maji mengine yaliyokuwepo yalikuwa mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na zaidi ya hapo kurudi kwa kupanda. Wanawake walichoka, na mtu aliyechoka hutafuta wa kumlaumu. Hilo nalijua vizuri sasa, maana mimi mwenyewe hulifanya kila jioni. Jirani yetu Mama Boay hakuhitaji kutafuta mbali. Alipita mbele ya nyumba yetu na ndoo yake kichwani na kusema kwa sauti, kama anayeongea na mbwa wake, “Wengine wamekaa kivulini wanapumzika. Sisi tunatembea kwa ajili ya tumbo lao.”

Mama alikuwa ndani. Alisikia. Akaendelea kuchambua mboga.

Wiki ya pili Mzee Bura, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kitongoji, alikuja kuzungumza na baba nje ya uzio, kwa kuwa hakutaka kuingia. Mimi nilikuwa zizini nyuma yao nikizoa samadi.

“Shikamoo, mzee,” baba alisema.

“Marahaba. Mwanangu, sina chuki na mke wako. Lakini watu wanasema alikwenda kwenye maji usiku.”

“Hakwenda.”

“Wewe hulala. Unajuaje?” Mzee Bura alikohoa. “Una lile shamba kule chini, bondeni. Ahamie huko. Mvua zikija na maji yakirudi, tutaona.”

“Kule hakuna nyumba, mzee. Kuna kibanda cha kulindia nyani.”

“Basi atalinda nyani. Jumamosi tunakaa kikao, tumalize.”

Baba hakusema kitu kingine. Nilimkasirikia kwa miaka mingi kwa ukimya ule. Sasa naelewa kwamba alikuwa na ng'ombe sita, shamba lililopakana na mashamba ya watu wale wale, na mama yake mzee, na hakuna mahali pengine pa kwenda. Kuelewa si kusamehe, lakini ni nusu ya njia.

Mama alikuwa bado anatoka damu. Hilo sikulijua wakati ule. Nililisikia baadaye nikiwa mwanamke. Nilichojua ni kwamba kibanda cha nyani hakikuwa na mlango, na kwamba mama yangu angepelekwa huko kwa kosa langu. Nilitaka kusema. Kila asubuhi nilifungua mdomo, na kila asubuhi niliwaza watakavyonifanya, nikaufunga.

Siku mbili kabla ya kikao nilimwuliza bibi, kwa mzunguko, “Bibi, mwenye maji akiondoka, huwa anakufa?”

“Anakufaje? Unadhani ni mbuzi?” Alikuwa anasuka kamba, hakuinua macho. “Yule hafi. Akitikiswa anahama nyumba. Na akihama, hapiti hewani kama ndege. Anafuata mlango.”

“Mlango gani?”

Akanyoosha kidole chake kuelekea shamba letu la juu. Hakuhitaji kueleza. Baada ya matetemeko ulikuwa umetokea ufa pale, mwembamba, wa kuingiza mkono, uliokata shamba, ukavuka njia ya ng'ombe na kushuka kuelekea msituni. Wazee walikuwa wamekataza mtu yeyote kuufuata. Walisema ni mdomo, na mdomo ulio wazi haujashiba.

Basi siku ya kikao, asubuhi, watu wote walipokuwa wanaandaa vigoda uani kwa Mzee Bura, nilichukua ile ndoo yetu na kuufuata ufa. Sikwenda kutafuta maji. Hilo ndilo watu hukosea wanaponisifu. Nilikwenda kumtafuta mwenye maji nimwombe msamaha, nikabeba ndoo ili ajue ninazungumzia nini.

Nilitembea kandokando yake, mguu mmoja huku na mwingine kule. Kwenye shamba ulikuwa dhahiri. Msituni ulipotea chini ya majani, nikauona tena kwenye mwamba, nikaupoteza tena. Niligundua jambo moja: upande wa juu wa ufa ardhi ilikuwa imesimama, na upande wa chini ilikuwa imekaa, kama ngazi ya kina cha kiganja. Hata pale ufa ulipozibwa na udongo, ile ngazi ilionekana. Nikaacha kutafuta ufa, nikafuata ngazi.

Ilinishusha hadi kwenye kibonde kidogo nyuma ya shamba la Mama Boay, mahali ambapo hakuna aliyechunga kwa sababu ya miiba. Na pale katikati ya kiangazi, nyasi zilizochipua zilikuwa zimejipanga mstari mmoja, kijani kibichi, kama zilizopandwa na mtu kwa kamba. Nyuki walikuwa wengi chini. Nikakanyaga, na mguu ukazama hadi kifundoni. Ubaridi ule nausikia hadi leo.

Nilichimba kwa mikono. Nilichimba kwa ukingo wa ndoo. Kwanza matope meusi, halafu mchanga, halafu maji yakaanza kuja kutoka pembeni, kutoka chini ya ule upande uliosimama, yakisukuma mchanga kama kitu kinachopumua. Nikasema kwa sauti, “Nisamehe, ilikuwa ni mimi, mama hakuja.” Maji yakaendelea kuja. Nikazamisha ndoo, ile ile, nikaijaza, nikaiweka kichwani na kupanda mlima nikikimbia, nusu yake ikinimwagikia.

Kikao kilikuwa kimeshaanza. Wazee walikuwa wamekaa duara, wanaume wengine nyuma yao, wanawake kando ya uzio. Mama alikuwa amesimamishwa peke yake mbali, chini ya jua, na shuka lake. Bibi alikuwa amekaa karibu naye kuliko desturi ilivyoruhusu, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Nilipita katikati ya wanaume nikiwa nimepakaa matope hadi kichwani, nikaitua ndoo katikati ya duara.

Ningependa muone jinsi wazee wenye heshima zao walivyoruka. Kigoda kimoja kilianguka. Mtu mmoja alipoteza fimbo yake.

“Ndoo ya metimani!” Mama Boay alipiga kelele. “Ameleta ndoo ya metimani kwa wazee! Mmeona? Ndiyo malezi ya nyumba hiyo!”

“Paskalina,” baba alisema, “toa hicho kitu.”

“Kina maji,” nilisema.

“Ya mtoni?” aliuliza Mzee Bura, ambaye alikuwa amesogea nyuma lakini shingo yake ilikuwa imesogea mbele.

“Shikamoo, mzee. Si ya mtoni. Ya hapo chini, nyuma ya shamba la Mama Boay. Ufa umeishia pale.”

Halafu nikasema lote, haraka, kabla uoga haujarudi. Nilisema kwamba mama hakwenda usiku wala mchana. Nilisema mimi ndiye niliyezamisha ndoo hii kwenye chemchemi ya zamani kwa sababu ya kengele ya shule. Nilisema nimeomba msamaha kule chini. Kisha nikaanza kulia, jambo lililoniudhi, maana nilikuwa nimepanga nisilie.

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alisema basi mtoto ndiye ahamishwe. Mwingine akasema mama na mtoto. Mama aliacha mahali alipowekwa, akaja hadi kwangu, akanishika bega mbele ya wote. Ndipo bibi aliposimama.

“Bura,” alisema. Hakusema Mzee Bura. Walikuwa rika moja, walichunga ndama pamoja. “Nikuulize kitu kidogo, mimi mwanamke nisiyejua mambo. Mwenye maji aliikimbia ndoo hii?”

“Ndivyo inavyoonekana.”

“Leo mtoto ameizamisha tena, ndoo hii hii, kwa mwenye maji huyo huyo. Si ndiyo?”

“Ndivyo anavyosema.”

“Basi mbona hakukimbia tena?” Bibi alipiga ndoo kwa fimbo yake, ikalia. “Mtu anakimbia ndoo juu ya mlima, halafu anaisubiri bondeni aijaze? Mwenye maji wako ni mlevi?”

Kuna mtu alicheka nyuma. Halafu wengi wakacheka, na hata Mzee Bura midomo yake ilicheza. Alizunguka ile ndoo mara moja. Akachutama, akachungulia ndani.

“Twende tukaone,” alisema.

Walikwenda wote ila mama, kitongoji kizima, kwa mstari, na mimi mbele nikiongoza, mtoto wa nyumba iliyotengwa. Tulipofika, shimo langu dogo lilikuwa limefurika, na maji yalikuwa yameshajitengenezea njia kwenye majani na kushuka. Yalikuwa yameanza kuwa meupe. Mtamba mmoja wa Mama Boay alikuwa amepenya kwenye miiba na anakunywa, mkia ukitikisika, bila kuuliza ruhusa ya mtu yeyote.

Mzee Bura alinawa mikono. Alikunywa. Kisha akasema kwa sauti ya kikao, ili isikike hadi kwa walio nyuma: “Mtu ambaye maji hayamkimbii, sisi ni nani tumkimbie? Mleteni.”

Wakamleta mama. Aliteremka polepole kwa sababu ya hali yake. Bibi alimwosha uso na mikono kwa maji yale, mbele ya wote, na metimani ikaisha palepale. Mama alijaza kibuyu cha kwanza. Alikitazama muda mfupi, akamwendea Mama Boay na kumpa anywe. Mama Boay alikunywa hadi tone la mwisho. Angefanya nini?

Jioni hiyo mama aliniambia jambo moja tu, tukiwa jikoni. “Nilijua kuhusu ndoo.”

“Ulijuaje?”

“Ilirudi na majani ya kwenye chemchemi yamegandia kwa nje. Mtu akimiminiwa, ndoo hailowi nje hivyo.” Akageuza ugali. “Lete mabakuli.”

Kwa hiyo alikuwa anajua siku zote zile. Alikuwa tayari kwenda kwenye kibanda cha nyani, katika hali ile, ili mimi nisitajwe. Nilileta mabakuli.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alichora ubaoni ganda la dunia limekatwa kama mkate. Alisema ganda hilo si kipande kimoja, ni mabamba makubwa yaliyokaa juu ya mwamba wenye joto kali, ulio laini kiasi cha kujongea, na mabamba hayo yanasogea. Alisema hapa kwetu bamba linachanika. Upande wa mashariki unavutwa huku na upande wa magharibi kule, na pale katikati ardhi inakaa chini, ndiyo maana ukisimama ukingoni mwa nyanda zetu za juu za Mbulu unaona Bonde la Ufa limeanguka mbele yako. Pale ganda lilipokuwa jembamba, mawe yaliyoyeyuka yalipata njia ya kutoka, yakajenga milima kama Hanang. Kwenye kingo za bonde kuna nyufa kubwa na ndogo, na maji ya chini husafiri humo. Tetemeko likisogeza ufa, chemchemi inaweza kufa hapa na kuzaliwa pale.

Kisha akachora ngazi. Upande mmoja umesimama, mwingine umekaa, na mshale mdogo wa maji unatoka chini yake.

Nilisimama bila kunyoosha mkono. “Mwalimu, mimi nimeshaufuata huo kwa miguu.” Darasa lilicheka hadi mwalimu akapiga meza. Nikawaeleza. Mwisho wake hakuna aliyecheka, na mwalimu aliniambia niende ubaoni nichore mahali maji yalipotokea. Nilichora. Wiki ile nilitembea kama mtu aliyeteuliwa kuwa mbunge.

Sikumwona bibi mjinga baada ya somo lile. Alijua kwamba maji hayapotei, kwamba hufuata ufa, na kwamba ardhi ina mambo yake. Alikosea sababu tu. Waliokosea vibaya zaidi ni wale waliochukua tetemeko, jambo lililoanza kabla binadamu yeyote hajazaliwa, wakaliweka juu ya mabega ya mwanamke aliyefiwa. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza mama habari za yule mtoto. Nami nilikaa na hatia ya ndoo kifuani kwa miaka mitano, hata baada ya kushinda, mpaka chaki ya mwalimu iliponiondolea.

Likizo ilipofika nilimweleza mama yote, kwenye shamba la juu, nikichora udongoni kwa kijiti. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

“Kwa hiyo ardhi inatembea,” alisema.

“Inatembea, mama. Polepole kuliko kucha kuota.”

“Na haikujua habari zangu.”

“Haikujua. Wala zangu.”

Alitazama chini kuelekea kibondeni. Siku hizi wamejengea pale, kuna bomba na tangi la zege, na vitongoji vitatu vinakunywa. Wakati ule kulikuwa bado na njia nyembamba tu, na wasichana wawili walikuwa wanapanda na ndoo vichwani. Mama aliwatazama hadi walipopita.

“Miaka yote hiyo inasogea kidogo kidogo kama konokono,” alisema, “na wale walitaka kunihamisha kwa siku moja.”

Akacheka. Mama yangu si mtu wa kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya yule mtoto. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta na kufuta macho kwa khanga, na mimi nikakaa kando yake. Hakuna aliyekuwa akimtazama vibaya, hapakuwa na kikao, na shamba lilikuwa letu. Baadaye alisimama, akakung'uta udongo, akasema jua linakwenda na mstari wake bado haujaisha.

Tukalima hadi mwisho wa mstari.